Wahusika Sita Wanaosalimiana

Jumamosi, 8 Februari

Mvua tangu alfajiri. Naandika kwa sababu nikimsimulia mume wangu anasinzia.

Leo nimeazimwa kona ya ghala la ushirika wetu hapa Mishamo, upande ule wenye soketi. Mwenyekiti, mzee Melkiadi, alinipa masharti akiwa amesimama mlangoni na mwavuli: "Donatille, fundisha hao watoto hiyo michezo yenu. Mwezi wa tano, kabla maharage hayajaanza kuingia, kamati itakaa na kuangalia. Tukiona la maana, mnabaki. Tusipoliona, mnapisha magunia."

Kwa hiyo tunashindana na magunia. Nimeshashindana na watu wa kila aina, sijawahi kushindana na gunia.

Niliishia kidato cha pili. Kufungua simu nimejifunza mwenyewe, kompyuta mwenyewe, na haya matofali ya kuprogramu nimejifunza mwenyewe, nikirudia video ileile mpaka bando linakata. Shuleni kuna vishikwambi kwenye boksi, vimefungiwa kabatini. Nilienda kujitolea nikaulizwa cheti. Sawa. Laptopu zangu nne ni mitumba, nimezifufua kwa mikono yangu, na hazijawahi kuniuliza cheti.

Mtunza ghala ni Mama Vestina, funguo shingoni kama rozari. Salamu yake ya kwanza: "Fundi simu, hao watoto wana matope miguuni."

Jumamosi, 15 Februari

Wamekuja kumi na saba. Wanne wanne kwenye laptopu, kundi moja na wa tano aliyebanana.

Programu niliyonayo ni ya zamani, yote iko Kiingereza, kwa hiyo nimebandika ukutani kipande cha boksi chenye maneno yetu. Skrini ile nyeupe ni JUKWAA. Anayeonekana jukwaani, awe paka au mtu au gunia, ni MHUSIKA. Nimewaambia ni kama mhusika wa kwenye hadithi, ila huyu hana akili hata chembe. Hasogei mpaka umwambie, na ukimwambia ujinga atafanya ujinga. Amri moja ni TOFALI. Unalichukua pembeni, unalipachika chini ya lenzake, na mhusika anayasoma kuanzia juu kwenda chini. Ya bluu ni ya mwendo, ya zambarau ni ya sura na maneno, ya njano ni ya kuanzisha jambo. Bendera ya kijani ikibonyezwa, kazi inaanza.

Tulipofika kwenye namba za kumweka mhusika mahali nilidhani nitalia. Nikasema katikati ya jukwaa ni sifuri na sifuri, kwenda kulia namba ya mlalo inapanda, kwenda juu namba ya wima inapanda. Aline, ana miaka kumi na mmoja, akasema, "Si kama kwetu tu? Barabara ya nne, kiwanja cha saba." Basi likaisha. Watoto waliozaliwa kwenye vijiji vilivyonyooshwa kwa kamba hawahitaji somo la mlalo na wima.

Egide tu ndiye aliyeweka hasi kubwa kwenye wima. Mhusika wake akazama chini ya jukwaa ikabaki kofia. "Mwalimu, nimemzika!"

Nimeitwa mwalimu. Naandika ili isipotee.

Jumamosi, 22 Februari

VAZI. Mhusika mmoja anaweza kuwa na picha mbili, mguu mbele na mguu nyuma. Ukizibadilisha harakaharaka anaonekana anatembea. Spès, mdogo kuliko wote, aliuliza, "Lile vazi alilolivua anafua nani?"

Halafu RUDIA na MILELE. Rudia unaipa namba, inafanya kwa hiyo namba inaacha. Milele haiachi. Egide akachukua sauti ya mbuzi akaitia ndani ya milele, akapandisha sauti hadi mwisho. Mama Vestina akaingia na fimbo.

"Nani kafungia mbuzi humu?"

"Ni wa kwenye kompyuta, Bibi."

"Mtoeni! Hili ni ghala, sio zizi."

Egide alitafuta pa kumzima, hapaoni, anacheka. Mwishowe nikafunga laptopu. Mama Vestina akazunguka meza, akainama kuangalia chini yake, kisha akaondoka. Mtu wa namna hiyo ndiye atakayekaa kwenye kamati.

Jumamosi, 1 Machi

Hakuna watoto. Wote wanapalilia mahindi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimewapa kazi ya kuonyesha mbele ya kamati. Mzee Melkiadi ametupa dakika tatu, kabla ya ajenda. "Zikiisha nawakata," alisema, na huyu mzee alimkata hata mgeni kutoka Mpanda.

Onyesho ni mavuno ya maharage. Wahusika sita wanafika shambani, wanavuna, wanajaza magunia, wanapeleka ghalani. Hesabu ya magunia inapanda juu ya jukwaa. Hiyo namba inayobadilika tumeiita DEBE, kwa sababu ni chombo tu, leo kina tatu kesho kina saba.

Nikatoka nje kutengeneza simu ya mtu. Niliporudi walikuwa wamemaliza, wana furaha. Nikabonyeza bendera ya kijani.

Mhusika wa kwanza akaingia. Wa pili akaingia, akasema "Shikamoo." Kiputo cha maneno kichwani, sekunde mbili. "Marahaba." Sekunde mbili. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Nikasema vizuri, adabu nzuri. Wa tatu akaingia. Akamwamkia wa kwanza, yote manne. Akamwamkia wa pili, yote manne. Nikaanza kupiga hesabu kichwani. Wahusika sita, kila mmoja na kila mwenzake, ni jozi kumi na tano. Kila jozi viputo vinne vya sekunde mbili. Dakika mbili kamili zinaisha na hakuna aliyegusa hata jani la harage! Mavuno yenyewe yanakula karibu dakika mbili nyingine.

"Ondoeni salamu," nikasema.

Aline akaweka mikono kiunoni kama mama yake. "Mwalimu, waingie shamba la watu bila kuamkia? Hao ni wezi?"

"Basi waamkie mtu mmoja tu."

"Yupi? Na hao wengine watamfikiriaje?"

"Ni picha, Aline! Hawafikirii!"

"Babu Melkiadi atafikiria," akasema Egide.

Nikapunguza sekunde mbili kuwa nusu. Viputo vikawa vinapita kama bodaboda, hakuna mzee atakayesoma. Nikarudisha. Tukaachana tumenuniana.

Jumamosi, 15 Machi

Leo Mama Vestina ameingia na kamba. Amepima kona yetu urefu, upana, kisha akapanda kiti akapima na ukuta kwenda juu. Watoto wanatazama. Amefunga mafundo kwenye kamba akaondoka.

Machi bado haijaisha, anatupimia kaburi!

Jumapili, 16 Machi

Usiku dhoruba. Bati la nyumba ya jirani limetua kwenye mihogo yetu. Sikulala, nawaza laptopu, maana jana niliziacha ghalani zikichaji.

Baada ya ibada nimeenda mbio ghalani na gauni la kanisani. Mlango uko wazi. Bati limefunuka juu ya kona yetu hasa, unaona mawingu. Sakafu ni ziwa. Meza yetu haipo.

Nimeikuta ukutani upande wa pili, imesukumizwa, imefunikwa turubai na kufungwa kamba kama mzigo wa kusafirishwa. Kamba ileile yenye mafundo. Na Mama Vestina anafagia maji, sketi ameikunja magotini.

Sikungoja hata pumzi irudi. Nikamwambia kumbe alikuwa anasubiri sababu. Nikamwambia mwezi wa tano haujafika na mwenyekiti alitoa neno lake. Nikamwambia wote wa hapa ni walewale, mtu akijiinua mwenyewe mnamtafutia gunia la kumkalisha. Nilisema mengi, mengine yalikuwa ya mwalimu mkuu wa kule kwenye vishikwambi, yeye akayapokea tu.

Alisimama na fagio mpaka nikaisha.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi shika ndoo."

Sikushika. Nimebeba laptopu zangu nne kichwani ndani ya beseni, nimerudi nazo nyumbani, viatu mkononi. Zote nne kavu. Zote zimewaka. Nimefurahi, na bado nina hasira, na mume wangu anasema chakula kina chumvi.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi nimepita mbele ya ghala kwenda kibandani kwangu. Mama Vestina ametandika mkeka mkubwa, ameanika maharage. Nilikuwa na nia ya kupita. Lakini jicho langu limezoea kuona kitu kilichoharibika. Maharage yalikuwa yamevimba, mengine ngozi imeshapasuka.

"Shikamoo, Mama. Haya yamelowa wapi?"

"Marahaba. Si humo ndani."

"Ni ya kula?"

"Mbegu. Ningepanda wiki hii."

"Sasa turubai lako lilikuwa wapi?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto anayetafuta kofia aliyoivaa. "Si ulilikuta wewe?"

Nikakaa kwenye ukingo wa mkeka. Turubai lilikuwa moja. Usiku ule bati lilipofunuka, alikuja mwenyewe kutoka nyumbani kwake, mvua inachapa, na kulikuwa na meza yangu na kulikuwa na gunia lake.

"Kwa nini hukufunika mbegu?"

"Mbegu ikilowa inapandwa. Hizo zenu zikilowa zinapandwa?"

Nikamwomba radhi ya jana. Akasema, "Wewe una maneno mengi, lakini unayapanga vizuri," halafu akaniambia mbegu iliyokwisha vimba haisubiri Jumamosi. Isipoingia ardhini leo, kesho inaanza kunuka.

Nimefunga kibanda. Watoto walipotoka shule nimewaambia leo hakuna matofali, kuna majembe. Majirani kadhaa nao wakaja. Nilitangulia na watoto, tukaanza kuchimba mashimo, migongo juu, kila mtu mstari wake.

Mama Vestina akafika wa mwisho na beseni la mbegu kichwani. Hakumfuata mtu. Alisimama pale pale pembeni mwa shamba, akavuta pumzi, akapaza sauti mara moja kwa Kirundi chetu, salamu ya mchana kwa wote:

"Mwiriwe mwese!"

Na shamba zima, watu ishirini na kitu, bila kuinua kichwa, bila kusimamisha jembe, tukaitikia kwa pamoja. Hata mimi. Kisha akaanza kugawa mbegu.

Jembe likanifia mkononi. Mmoja anatoa neno moja, kila mwenye sikio analipokea mwenyewe na kujibu, wote kwa wakati mmoja. Kwenye yale matofali ya njano kuna moja linaitwa TANGAZA, na mwenzake NIKIPOKEA. Nimelipita miezi na miezi nikidhani ni la watu wenye redio.

"Aline!" nikaita. "Umesikia?"

Aline alikuwa ameshasimama, mdomo wazi, udongo mpaka kwenye nyusi. "Mwalimu, nyumbani ndio unaamkia mmoja mmoja. Shambani ni mara moja! Tulikosea mahali!"

"Nyie mmekuja kupanda au kupiga kelele?" akauliza Mama Vestina.

Tulipanda mpaka beseni likaisha.

Jumamosi, 22 Machi

Bati limepigiliwa. Tumerudi kwenye kona yetu.

Bibi, mhusika wa sita, anafika mwisho: sema "Mwiriwe mwese!" sekunde mbili, kisha TANGAZA salamu. Wale watano kila mmoja amewekewa lake: NIKIPOKEA salamu, sema "Mwiriwe!" sekunde mbili. Kutoka dakika mbili hadi sekunde nne, na adabu haijapungua hata punje. Muda uliobaki Egide ameomba pikipiki ya kubebea magunia. Nimempa.

Jumamosi, 29 Machi

Maharage ya Mama Vestina yameota. Mstari wa Spès umepinda kama mkia wa ng'ombe, na umeota nao.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua, mazoezi. Pikipiki ya Egide inapita juu ya vichwa vya wahusika. Amesema ni rubani.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka. Nyama. Sina la kuandika, nimeshiba.

Jumamosi, 26 Aprili

Mazoezi ya mwisho. Dakika mbili na sekunde arobaini. Nimejaribu mara tatu, namba ileile. Projekta mbovu niliyoipata kwa fundi mwenzangu wa Mpanda imekubali kuwaka, ila ina doa la kijani kwenye kona. Mama Vestina ameleta shuka jeupe la kuangikia ukutani. "Lirudi bila tundu, fundi simu."

Nimemuuliza kamba ya mafundo ilikuwa ya nini. Amesema, "Subiri kikao."

Jumamosi, 3 Mei

Nimekaa chini sasa hivi, miguu inauma, niandike kabla sijasahau.

Kamati ilijaa ghalani na watu wasio wa kamati wakajaa nyuma yao. Mzee Melkiadi akaweka simu mezani, saa ya kuhesabu iko tayari. Ndipo mvua ikaanza, nadhani ya mwisho ya msimu, na ikaamua kuaga kwa nguvu. Chini ya bati lile, mtu asipopiga kelele hasikiki. Sauti zote walizorekodi watoto, kicheko, jembe, pikipiki, zikamezwa. Aline akaniangalia. Nikamwonyesha bendera kwa kidole, bonyeza.

Shukani shamba likatokea. Wahusika watano wakaingia wakainama kazini. Kisha bibi akaja na beseni, akasimama pembeni, na kiputo kikubwa kikatoka: MWIRIWE MWESE!

Mzee Melkiadi, ambaye kila maandishi anayasoma kwa sauti hata ya kwenye mfuko wa sukari, akasoma kwa sauti yake ya mikutano, inayoshinda hata mvua. Na ghala zima likaitikia. Hakuna aliyefikiri. Walijibu kama wanavyojibu kila siku. Jukwaani nako viputo vikachipuka. Kimoja, viwili, vitatu, vinne.

Vinne.

Niliona kabla ya wengine. Mhusika mwenye kofia, wa Egide, alikuwa anachimba tu.

Mzee Melkiadi akainua mkono. "Simamisheni! Yule mwenye kofia mbona hajaitikia?"

"Kanuna!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Ni kiziwi."

"Hapana, ndio walivyo siku hizi," akasema mzee mwingine wa kamati, na huo haukuwa mzaha. "Mnawafundisha hivyo? Mtu mzima anasalimia, kijana ananyamaza?"

Mimi nilishafungua mdomo kujitetea, na ninajua mdomo wangu ukifunguka unafika wapi. Lakini Egide alishafika kwenye laptopu.

"Babu, sio kiburi," akasema, anapiga kelele kushinda mvua. "Jana nilimbadilisha shati, nikamfuta nikamweka upya. Tofali la kupokea halikurudi. Hajasikia kwa sababu hatujampa sikio. Subirini."

Akafungua matofali yake mbele yao wote, hapo hapo shukani. Wakaona matofali ya wahusika wengine yenye la njano la NIKIPOKEA juu, na ya mwenye kofia yasiyo nalo. Akalivuta, akaliachia, likashika. Watu wakasogea. Kuna aliyesimama juu ya mzani ili aone.

"Hilo la njano ndilo sikio?" akauliza mzee Melkiadi.

"Ndio, Babu."

"Na ukimwekea yule mbuzi wenu niliyesimuliwa?"

"Hata mbuzi ataitikia."

"Anza upya."

Bendera. Shamba. Bibi. MWIRIWE MWESE! Safari hii walikuwa wanamsubiri mwenye kofia, na alipoinua kiputo chake ghala lilipiga makofi kama timu imefunga. Magunia yakajaa, debe likahesabu, pikipiki ikapita juu ya vichwa vyao na kutua ghalani. Dakika tatu zilipita zamani. Nilichungulia ile simu mezani. Mzee alikuwa ameilaza kifudifudi.

Mvua ikapungua, ikaja ajenda, na mzee wa kamati akauliza swali la haki: "Ni vizuri. Lakini maharage yalale nje?"

Mama Vestina akasimama, akatoa ile kamba. Akaielezea fundo kwa fundo. Miaka yote magunia yanapangwa kwa kutandazwa, kwa sababu vijana wa kubeba ni wavivu kuinua. Yakipangwa kwenda juu mpaka fundo hili, mzigo wote unaingia, na kona inabaki na nafasi ya meza. "Nimepima toka Machi," akasema. "Nilikuwa nasubiri kuona kama wanastahili."

Nilidhani anapima kaburi, kumbe alikuwa anapima darasa. Ningependa kusema nililia, lakini nilikuwa nachomoa waya wa projekta kabla haijaungua.

Mzee Melkiadi akasema wanaokubali wainue mikono. Watoto nao wakainua. Hawana kura, ila hakuna aliyewashusha.

Jumamosi, 10 Mei

Jua. Shuka limerudi kwa mwenyewe, halina tundu.

Jumamosi, 31 Mei

Magunia yameingia. Nilikuwa nayachukia kabla sijayaona, na sasa ndiyo viti vyetu. Watoto wamekaa juu yake kwa ngazi kama uwanja wa mpira, wa nyuma wanaona vizuri kuliko zamani, na ghala zima linanukia maharage mapya. Wamefika ishirini na wawili. Kibandani mtu aliniuliza kama ni kweli nafundisha, nikasema njoo Jumamosi uone. Hakuuliza cheti.

Leo katikati ya somo Mama Vestina amesimama mlangoni na funguo zake. Spès akaanzisha, na wote wakapaza sauti kwa pamoja mpaka vumbi likashuka kwenye boriti: "Shikamoo, Bibi!"

Nilijivuna. Yeye hakujibu.

"Hapa ni shambani?"

"Hapana, Bibi."

"Mimi ni mkutano?"

"Hapana, Bibi."

"Basi shukeni huko juu. Mmoja mmoja."

Wakashuka, wakapanga mstari, kila mmoja na shikamoo yake, na kila mmoja akaulizwa habari za nyumbani, na mama anaendeleaje, na yule ndama amepona. Ishirini na wawili. Nilipiga hesabu, kisha nikaiacha. Nikakaa juu ya gunia nikangoja, na alipomaliza na Egide aliyekuwa wa mwisho akanigeukia.

"Na wewe, fundi simu?"

Nikashuka.